Riva alikuwa na mafuta, sisi tuko na zahabu

Jioni Kasugho, wachimbaji wakishapanda kutoka mashimoni na kunawa tope, kuna pahali pawili ambapo franga inaingia haraka: kwa mama mwenye kuuza chakula na kwenye chumba cha video. Jenereta inanguruma nje, mabenchi yamejaa, wadogo wamekaa chini kabisa mbele ya ekra. Film ni ya majambazi. Siku moja inatoka Amerika, siku ingine China ao India, na juu yake kuna sauti ya mtu anayeeleza kwa Kiswahili, mara nyingi hata mambo ambayo film yenyewe haikusema. Mkubwa wa majambazi akifyatua bastola, chumba chote kinapiga kelele. Akikufa, watu wanasikitika sawa vile jirani.

Nilimuuliza kijana mmoja anayebeba mifuko ya mchanga juu ya nini wanamupenda huyu jambazi hivi. Akanijibu bila kufikiri: "Juu yeye haombake. Anakuyaka, anakamata."

Jibu hilo limenibaki kichwani kuliko film yenyewe. Kijana anayetoka shimoni na mkono mtupu, ambaye kila siku anaomba (anaomba deni kwa mwenye shimo, anaomba bei kwa mnunuzi, anaomba njia kwenye bariere), namna gani asimpende mtu asiyeomba? Wazazi na wachungaji wanasema tufunge vyumba vya video. Mimi naona tuangalie kwanza ni film gani zinaingia mule. Maana kuna film zingine za ujambazi, zilizotengenezwa na Waafrika wenzetu katika miaka kumi na tano hii, na nyingi hazijafika huku kwetu. Hizo zinasema kitu kingine kabisa juu ya yule anayekuja kukamata.

Tuanze na ile ya nyumbani. Mwaka 2010 Djo Tunda Wa Munga, mtoto wa Kinshasa aliyesomea sinema Ubelgiji, alitoa film yenye jina Viva Riva!. Wakati ule Kinshasa ilikuwa karibu haina tena salle ya sinema. Zile za zamani zimekuwa makanisa na depo. Film yenyewe inaongea Lingala na Kifaransa. Mwaka uliofuata, kwenye zawadi za sinema za Afrika zinazotolewa Nigeria, ilibeba zawadi sita, ikiwemo ya film bora na ya mtengenezaji bora. Kwa inchi ambayo haikuwa tena na sinema, hiyo si kitu kidogo.

Riva ni kijana aliyekaa Angola miaka kumi. Anarudi Kinshasa na lori ya mafuta ya wizi. Mji wote hauna esanse, magari yamelala barabarani, watu wanasukuma. Na Riva hauzi mara moja. Anangoja bei ipande. Wakati anangoja, anakunywa, anacheza, anamfuata Nora, mwanamke wa bwana mmoja mkali wa mji. Nyuma yake Waangola wenye mafuta wamevuka mpaka wanamtafuta. Kuna kamanda wa kike wa jeshi anayelazimishwa kuwasaidia sababu wameshika ndugu yake. Hata padri yumo kwenye biashara. Kila mutu katika ile film anauza kitu ao anauzwa, na mwisho wake ni damu nyingi.

Niseme wazi: film hiyo si ya watoto. Kuna uchi, kuna mateso, na wanawake mule wanashikwa sawa na bidhaa. Mimi sikupenda namna kamera inavyowaangalia. Lakini angalia imejengwa juu ya kitu gani. Bastola ziko, ndiyo, lakini kinachosukuma kila mtu ni bei ya lita moja ya mafuta leo na bei yake kesho kutwa. Mwenye kuficha mali wakati wa ukosefu ndiye anayekuwa tajiri, na yule anayeteseka kwenye foleni ndiye anayemlipa. Mama wa Butembo anayejua bei ya esanse inavyoruka wakati barabara ya Kasindi imefungwa hahitaji kuelezwa film hiyo mara mbili.

Miaka miwili nyuma ya Riva, Wakenya wakatoa yao. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ambaye wengi wanamwita Tosh, ilitoka 2012. Ilianzia kwenye mafunzo ya vijana wa sinema Nairobi yaliyosaidiwa na Mjerumani Tom Tykwer. Kijana Joseph Wairimu, anayecheza Mwas, alipata zawadi ya mchezaji bora kwenye festivali ya Durban mwaka huo, na Kenya ikaituma Amerika kushindania Oscar ya film za lugha za kigeni, mara ya kwanza kwa ile inchi. Inaongea Kiswahili, Kikikuyu, Kiingereza, na ile Sheng ya vijana. Mtu wa kwetu akisikiliza vizuri anapata sehemu kubwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, sababu huyu Mwas tunamjua. Anaishi kijijini, anauza film, na ili mteja anunue anasimama barabarani anaigiza jambazi wa film: anapiga risasi kwa kinywa, anaanguka, anaamka. Ni kijana yetu wa benchi la mbele! Anaenda Nairobi akitaka kuwa mchezaji wa tiatri. Siku ya kwanza mjini wanamuibia kila kitu, mpaka vitu vya watu alivyopewa apeleke. Siku hiyo hiyo polisi wanamkamata, na jela anaoshwa akili kwa kuosha choo. Mule ndani ndipo anapata marafiki wa kwanza, na marafiki hao ni wezi wa vipande vya magari: kioo cha pembeni, taa, magurudumu.

Nani anawalipa? Si mwenye gari, bila shaka. Kuna muuzaji mwenye duka, mchana, mbele ya macho ya watu wote, anayenunua vipande kwa bei ndogo na kuviuza tena, pengine kwa yuleyule aliyeibiwa. Na kuna polisi wanaopita kuchukua sehemu yao. Vijana wanafikiri wako wanakamata, kumbe wao ndio mikono ya bei rahisi. Bei ikibadilika wanapanda kuiba magari mazima, damu inamwagika, na siku polisi wanapoona kwamba vijana hao wanajua mambo mengi, wanawageukia. Mwas haombi tena, anakamata, sawa na alivyosema kijana wa mifuko. Na angalia ni nani anabaki na duka lake.

Film ya tatu nitaipita haraka. Ni Veve ya Simon Mukali, ya mwaka 2014, juu ya biashara ya miraa huko Maua, katika kaunti ya Meru. Mheshimiwa mmoja anatafuta kura mchana na anapigania soko la majani usiku, huku mwenye shamba analalamikia bei. Kama film haikukaza vizuri kama zile mbili, ni kwa sababu inabeba hadithi nyingi mno. Lakini iweke akilini sababu ya yule mheshimiwa. Kinshasa nako, Machérie Ekwa Bahango alitoa Maki'la mwaka 2018, juu ya msichana wa barabarani na kundi la wezi; mwanamke ndiye anaangalia, na inaonekana: wasichana mule wana njaa, wana wivu, wana hesabu zao, hawako pale kwa kupamba.

Mafuta, vipande vya magari, miraa. Kila moja ya zile film tatu imechukua bidhaa moja na kuifuata toka mkono hadi mkono. Bado sijaona moja iliyochukua zahabu yetu hivyo, kutoka shimo la Lubero mpaka pale inapoyeyushwa.

Na mambo ya kuweka mule si haba. Chukua hesabu tu. Mwezi wa 10 mwaka 2025 ounsi moja ya zahabu kwenye soko la dunia ilipita dolari 4,000 kwa mara ya kwanza. Ounsi ni gramu 31.1. Kwa hiyo gramu moja ilikuwa karibu dolari 128, na tola yenye gramu 11.66 karibu dolari 1,500. Kila mchimbaji anayesoma hapa aweke pembeni bei aliyopewa wiki ile, atoe, aone inayobaki. Sisemi yote inayobaki ni wizi: kuna njia, kuna hatari, kuna uchafu ndani ya zahabu, mnunuzi naye anataka kula. Lakini ile tofauti ndiyo film yenyewe. Siku moja nilimwona mnunuzi, simtaji, ameweka mizani yake ndogo mbele ya dirisha wazi. Kila upepo ukipita, sahani inacheza, na kila mara inatulia upande wake. Hakuna bastola mule ndani. Alikuwa hata mpole, alitupatia chai.

Kutoka hapo zahabu inashuka Butembo, na kutoka Butembo nyingi inavuka mpaka. Uganda imekuwa miaka mingi inauza zahabu inje kwa mabilioni ya dolari, zaidi sana kuliko inayochimbwa kwake, na Dubai ndiyo mlango mkubwa. Mwezi wa 3 mwaka 2022 serikali ya Amerika ilimwekea vikwazo Mbelgiji Alain Goetz pamoja na African Gold Refinery, kiwanda cha kusafishia zahabu kule Entebbe, na ilisema wakati ule kwamba zaidi ya asilimia 90 ya zahabu ya Kongo inatoka kwa magendo. Kiwanda hicho Rais Museveni mwenyewe ndiye alikifungua mwaka 2017. Kumbuka mheshimiwa wa Maua.

Wenye umri wanakumbuka zaidi. Tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka 2007 kamati ya vikwazo ya ONU iliweka kwenye orodha yake majina ya wanunuzi wa zahabu wa Kampala, UCI na Machanga, na pamoja nao mfanyabiashara wa Butembo, Kambale Kisoni, na kampuni zake Congocom na Butembo Airlines. Miezi mitatu nyuma, tarehe 5 mwezi wa 7, Kisoni aliuawa palepale Butembo. Mwaka 2008 jina lake likatolewa kwenye orodha, maana amekufa. Mimi si hakimu, na marehemu ana familia, sitaongeza neno. Nasema tu kwamba mtengenezaji film wa Nairobi ao wa Kinshasa akipewa mistari hii minne hatalala usiku.

Sasa wale wanaosema film za ujambazi zinafundisha ujambazi. Ni neno la kweli kiasi, na mzazi anayelisema Beni ao Butembo, pahali watu wanavunjiwa milango usiku, hasemi kwa mchezo. Tangu mwezi wa 10 wa 2014 watu wa Beni wamezika kuliko wanavyoweza kuhesabu, na vita imeshuka mpaka Lubero. Damu kwetu si mambo ya ekra. Kuna mama mmoja aliniambia hataki kuona panga hata ya film, na nilinyamaza.

Lakini tuangalie ni nini kijana anajifunza kwa film ipi. Katika zile za benchi la mbele, jambazi anatoka hewani. Hana mama, hana deni, hana mnunuzi, mali inapatikana kwa sababu yeye ni mwanaume. Kijana akiingia kwenye kundi porini na kuanza kuuza jeton kwa wanakijiji, amekwisha kuona picha hiyo mara mia: bunduki ndiyo mali. Hakuna aliyemuonyesha ni nani anayenunua kile kinacholipwa kwa jeton, na ni kwa bei gani, na huyo mnunuzi analala wapi usiku wakati kijana analala kwenye majani. Mwas angemuonyesha. Riva pia, kwa namna yake ya kilevi.

Kuna neno lingine, na hili ni la kulalamika kwa watengenezaji wenyewe. Film hizi zinapita Toronto, Berlin, Durban, wanapewa makofi, na zinarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, kwenye flash, kama hazirudi kabisa. Viva Riva! iliongea juu ya foleni ya mafuta. Watu wa ile foleni ni wangapi waliiona kwa salle? Pesa za kuitengeneza zilitoka Ulaya kwa sehemu kubwa, na anayelipa anapenda kuona kitu fulani: vumbi, bastola, msichana. Sidhani Munga na Gitonga walidanganya. Lakini film ya zahabu ikija siku moja, naogopa itaanza na helikopta juu ya msitu na mzungu mwenye kamera anayetuhurumia. Ningependa ianze na mama anayetwanga mawe, anayejua kwa kugusa tu kama unga huu utatoa kitu ao hautatoa.

Na si lazima kungoja pesa ya Ulaya. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 na pesa kidogo sana, wanasema chini ya dolari 200, kompyuta aliyounga mwenyewe, bunduki za mbao na chuma kuukuu. Ni mchezo, ni kelele, ni film ya kucheka. Haifuati bei ya kitu chochote. Lakini dunia nzima imeiona, na juu yake iko ile sauti ya mwelezaji, sawa na ile inayopiga kelele kwenye chumba cha video Kasugho. Goma nako, tangu miaka ya 2000, Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo imefundisha vijana kamera na imefanya festivali. Mikono iko Kivu hii hii.

Kwanza tuzione zile zilizopo. Nilimuuliza mwenye chumba kimoja cha video kama angekubali kuonyesha Nairobi Half Life siku moja kwa juma, sababu Kiswahili chake kinaingia masikioni bila mwelezaji. Alifikiri sana, akasema: "Tutajaribu siku ya mvua, siku hiyo watu hawachagulake." Viva Riva! ni ngumu zaidi, anasema, kwa ajili ya Lingala na kwa ajili ya zile sehemu za uchi. Angeionyesha usiku sana, watoto wametoka, na mtu wa kueleza pembeni.

Mtu huyo si wa kununua Dar es Salaam. Kila kambi hapa iko na mzee mmoja aliyeishi Kinshasa ao kutumika jeshini, anajua Lingala mpaka matusi yake, na anajua bei ya tola ya asubuhi hii. Apewe maikrofoni na soda. Lori ya Riva ikifika kwenye depo na wanunuzi wakianza kubishana bei, hapo asimamishe film kidogo na kuuliza mabenchi: ninyi mngeuza leo ao mngengoja?